Tuisheni ya Kiingereza ya Madam, Mkuyuni: miezi saba ya mdogo wangu, na yangu kidogo

Nina steshenari Nyegezi, hapa Mwanza, karibu na stendi. Natoa kopi, naprinti, nachapa barua za maombi ya kazi, na msimu wa mitihani unapofika natoa kopi za mitihani iliyopita mpaka mashine inachemka. Kiingereza cha wanafunzi wa upande huu wa jiji kinapita mikononi mwangu kila siku, na makosa yake nayajua kama mama ntilie anavyojua nani anakula ugali na nani anakula wali. Mdogo wangu amepanda kutoka F hadi C katika tuisheni ninayotaka kuieleza hapa. Hata bila alama hizo ningeandika, maana karatasi zake za zamani na za sasa ninazo zote kwenye droo ya dukani na tofauti naiona mwenyewe.

Yuko kidato cha nne, mtihani wa taifa ni Novemba. Wazazi wetu wako Sengerema, kwa hiyo hapa mjini mzazi ni mimi: ada mimi, sare mimi, vikao vya shule mimi. Alisoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengi, kisha akaingia kidato cha kwanza akakuta bayolojia, jiografia na historia vyote ni Kiingereza. Hata swali la hesabu lilimshinda kabla hajafika kwenye namba. Mtoto aliyekuwa wa tatu darasani kule kwetu akawa mtu wa kukaa nyuma na kunyamaza. Walezi wenzangu hali hiyo mnaijua.

Mwaka jana nilimpeleka tuisheni moja kubwa ya mjini, jina silitaji. Ukumbi mzima, watoto zaidi ya mia, spika, mwalimu anazunguka na maiki. Kila wiki walipewa karatasi yenye insha zilizokwisha kuandikwa na hoja za vitabu zilizokwisha kupangwa, kazi ya mtoto ni kukariri. Nilifurahi, kwa sababu usiku nilimsikia akisoma kwa sauti ukurasa baada ya ukurasa. Kwenye mtihani wa muhula wakaulizwa waeleze safari moja waliyowahi kusafiri. Huyu mtoto amevuka Kigongo kwenda Busisi kwa kivuko tangu akiwa mgongoni kwa mama. Safari anazo. Lakini insha aliyokuwa ameikariri ilikuwa ya umuhimu wa elimu, basi akaiandika hiyo, neno kwa neno, kurasa mbili safi kabisa. Alama 27, F. Nilipomuuliza kwa nini hakuandika habari ya kivuko, akanijibu, "Dada, ile ya kivuko sikuwa nayo kwa Kiingereza." Jibu hilo liliniuma kuliko zile alama.

Mteja wangu mmoja, mama wa mtoto wa shule ya jirani, ndiye aliyeniambia kuhusu Madam. Ni mwalimu mstaafu wa sekondari, mzaliwa wa Ukerewe, anafundishia nyumbani kwake Mkuyuni. Unashuka daladala, unapanda ngazi kati ya nyumba na yale mawe makubwa yetu, kama dakika kumi kwa mwendo wa mtu mzima asiye na haraka. Darasa ni baraza la nyumba lililozungushiwa mabati upande mmoja, benchi sita, ubao mweusi wa kupaka na chaki. Upande ulio wazi unaliona ziwa. Ada ni shilingi 30,000 kwa mwezi, siku tatu kwa wiki: Jumanne na Alhamisi jioni, Jumamosi kuanzia saa nane mchana. Mtoto anatakiwa awe na kaunta buku mbili, moja ya sarufi na moja ya insha na vitabu. Hakuna fomu ya kununua, hakuna kiingilio.

Baada ya wiki tatu nilipanda mwenyewe nikaone pesa inakwenda wapi. Nikamwamkia, nikajieleza, akanionyesha nafasi benchi ya nyuma kana kwamba ni kawaida mlezi kuja kukaa darasani. Siku hiyo aliandika ubaoni sentensi tatu za Kiswahili: Baba yuko kazini. Baba ameenda kazini. Baba ametoka kazini. Akauliza, "Kazini hizi tatu ni moja au ni tatu?" Darasa likanyamaza, kisha binti mmoja akasema ni neno moja, ila kitenzi ndicho kinachoeleza kama mtu yupo, anakwenda au anatoka. Madam akageuka, akaandika chini ya kila sentensi "at work", "to work", "from work". Kiswahili kinakipa kitenzi mzigo na ile "-ni" inatulia, Kiingereza kinaubebesha mzigo huo huo kwenye kile kineno kidogo cha mbele. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikiwa nimekariri orodha ya hivyo vineno bila kuambiwa vinafanya kazi gani. Nilikaa pale nyuma nikajisikia kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Ndivyo anavyofundisha sarufi yote: anaanza na Kiswahili ambacho mtoto tayari anakimiliki, anakichambua, kisha anaonyesha Kiingereza kinaachana nacho wapi. Nitatoa mifano michache kwa sababu hapa ndipo pesa yangu ilipofanya kazi zaidi.

Sisi tunasema "Ningekuwa na hela, ningenunua mtumbwi," na "-nge-" inakaa pande zote mbili. Mtoto anaihamisha kama ilivyo, anaandika "If I would have money, I would buy a boat." Nimechapa sentensi za namna hiyo dukani mara nyingi sana na sikuwahi kuona tatizo lolote. Madam anasema upande wa kwanza Kiingereza kinarudi nyuma kwenye wakati uliopita, "If I had money", na ile "would" inabaki upande wa pili peke yake. Anawaandikisha sentensi ishirini, kumi kwa Kiswahili na kumi kwa Kiingereza, wakipiga mstari chini ya kila "-nge-" na kueleza imekwenda wapi.

Au "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja." Kwetu hiyo "lakini" haimkwazi mtu. Kwa Kiingereza "although" ikishaingia, "but" haina kiti. Au "Nimemwona jana," ambayo sote tunaisema barabarani, na mtoto anaandika "I have seen him yesterday". Madam anachora mstari mrefu ubaoni, anaweka alama ya leo, na anasema: ukishataja jana, mlango umefungwa, tumia wakati uliopita, "have" ni ya mambo ambayo mlango wake bado uko wazi. Halafu kuna "he" na "she". Kwetu ni "yeye" tu, wa kiume na wa kike, na ndiyo maana mtoto anaanza aya na mama kama "she" na kuimaliza naye akiwa "he". Kwa hilo hana maelezo marefu. Kabla hujakusanya daftari, unarudi kwenye kila "he" na "she", unaweka kidole juu yake na kutaja jina la mtu anayehusika.

Kuna jambo jingine linalotugusa wengi wa huku, ile r na l. Wengi wetu Kisukuma ndicho kilichotangulia mdomoni, na zinabadilishana bila kuomba ruhusa, mdomoni mpaka kwenye daftari. Nimeona walimu wanaowachekesha darasa zima kwa hilo, na mtoto aliyechekwa hasomi tena kwa sauti. Madam hakubali kicheko. Kila mtoto ana ukurasa wa mwisho wa kaunta buku wenye jozi zake mwenyewe: "rice" na "lice", "pray" na "play", "read" na "lead". Anayekosea anaongeza jozi, basi. Mdogo wangu ana kumi na tisa. Anazisoma kwa sauti asubuhi akinisaidia kufungua duka, na hakuna anayemcheka.

Sasa vitabu. Hapa nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu kule kwingine alirudi na hoja za dhamira zilizopangwa kama bei za vitu dukani, na kitabu chenyewe hakuwahi kukifungua. Madam alianza na swali rahisi: fani na maudhui mnavijua? Wakajibu wote, ndiyo. Dhamira, migogoro, wahusika, mandhari, tashibiha, sitiari? Ndiyo, kwenye Kiswahili. Akawaambia basi nusu ya kazi ya fasihi ya Kiingereza mmeshaifanya, mnachokosa ni majina mapya ya vitu mnavyovijua, na uvumilivu wa kusoma ukurasa kwa ukurasa. Nilishangaa kwamba watoto wanaofaulu uchambuzi wa riwaya ya Kiswahili hawakuwahi kuambiwa na mtu kwamba ni ujuzi ule ule.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Kabla ya kugusa tamthiliya ya shule, alitumia Jumamosi mbili nzima kwa Aniceti Kitereza. Kwa wasiomjua: Mkerewe, aliandika kwa Kikerewe riwaya ya Myombekere na mkewe Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945, na ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja tu kabla hajafariki. Mkerewe mwenzake, Gabriel Ruhumbika, akaitafsiri kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 2002. Madam anazo zote mbili, ya Kiswahili imechakaa mpaka jalada limeshonwa kwa uzi. Aliwasimulia mwanzo wake: mume na mke wanapendana, mtoto hawajapata, ndugu wa mume wanamsema mke, wazazi wake wanakuja kumchukua arudi kwao. Akawaambia waandike sentensi moja kuhusu kisa hicho. Karibu wote waliandika kilichotokea. Akasema, "Hiyo ni habari. Mtu akikuuliza dhamira anataka kujua kisa hiki kinasema nini juu ya ndoa, juu ya ukoo, juu ya mwanamke asiye na mtoto kwenye nyumba ya watu." Wakaandika tena. Nikiwa nyuma na mimi niliandika, kwenye risiti. Ile tofauti kati ya muhtasari na uchambuzi, ambayo nilifundishwa kwa maneno makubwa na sikuielewa, niliielewa kupitia Bugonoka.

Halafu ndipo wakaingia kwenye tamthiliya ya Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria, wanayoisoma, "The Lion and the Jewel". Watoto walikuja na hoja yao ya kukariri: mgogoro kati ya mila na usasa, Lakunle, mwalimu wa shule, ni usasa, Baroka, mkuu wa kijiji, ni mila, na Sidi, binti ambaye wote wawili wanamtaka, yuko katikati. Madam hakuikataa. Aliwauliza, mnajuaje? Wapi? Akawarudisha ukurasa wa kwanza kabisa, pale Lakunle anapomnyang'anya Sidi ndoo ya maji ili amsaidie kubeba. Mwalimu wa shule anabeba ndoo mbele ya watu wa kijiji cha Ilujinle, na papo hapo anamwambia binti maneno ya kumdharau. Halafu mahari: Lakunle anakataa kulipa kwa sababu anaona ni ushenzi, na Sidi hataki kuolewa bila mahari, asije akasemwa na watu. Sasa hapo uwe Mwanza, darasa lenye watoto wa Kisukuma, uzungumzie mtu asiyetaka kutoa mahari! Kijana mmoja akasema Lakunle hana ng'ombe tu, anajificha nyuma ya usasa. Binti akamjibu kwamba hata kama anajificha, anachokisema juu ya mwanamke kununuliwa kama mzigo kina ukweli. Walibishana kwa Kiswahili karibu nusu saa na Madam hakuwakatisha. Mwishoni akasema kila mmoja aandike alichokitetea, kwa Kiingereza, na asiandike sentensi ambayo hawezi kuionyesha kwenye kitabu kwa kidole.

Utaratibu wake wa kuandika hoja una vipande vitatu, na anavitaja kwa Kiswahili: hoja, ushahidi, kwa hiyo. Hoja ni sentensi moja. Ushahidi ni nani alifanya nini na wapi kwenye kitabu. "Kwa hiyo" ndiyo inayorudisha ushahidi kwenye swali, na ndiyo wanayoisahau wote. Maswali ya fasihi ya kidato cha nne yamezoea kutaka vitabu viwili na hoja tatu kwa kila kimoja, kwa hiyo mtoto anaandika aya sita za namna hiyo, na kila aya lazima ijibu swali lililoulizwa, si lile alilolitamani. Baada ya miezi mitatu nilianza kuona kwenye daftari la mdogo wangu sentensi ambazo si za mtu mwingine. Zina makosa, ndiyo. Aliandika kwamba Lakunle anaipenda ile picha ya mke wa kisasa aliyonayo kichwani kuliko anavyompenda Sidi. Nilimuuliza nani alikwambia hivyo. Akasema hakuna, "nimeona tu anavyoongea."

Upande wa mpangilio wa insha na barua nilidhani sina la kujifunza, kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Barua rasmi: anwani yako juu kulia, tarehe chini yake, anwani ya unayemwandikia kushoto, salamu, kichwa cha barua, mwili, na mwisho sahihi na jina. Sawa. Lakini Madam alisema ukianza na "Dear Sir" au "Dear Madam" bila jina unamaliza na "Yours faithfully", na ukiwa umemtaja mtu kwa jina lake unamaliza na "Yours sincerely", na neno la pili halianzi kwa herufi kubwa. Nilirudi dukani jioni ile nikafungua barua yangu ya mfano kwenye kompyuta, ambayo watu wa Nyegezi wameombea kazi kwa miaka minne. Inaanza "Dear Sir/Madam", inamalizia "Yours Sincerely". Niliirekebisha usiku ule ule, na tangu hapo anayekuja kuchapa namweleza kwa nini.

Insha za kawaida anataka ziwe na aya zinazoonekana: unaingiza mstari wa kwanza ndani kidogo, aya moja wazo moja, utangulizi usiozidi sentensi nne, na hitimisho lisiloleta jambo jipya. Kuna kijana mmoja wa kidato cha sita alikuwa anaomba chuo Marekani, akaja na maelekezo ya kuandika kwa utaratibu wa MLA, mtindo wa kupanga kazi za kitaaluma unaotumika sana huko. Madam alimwita mbele akaeleza kwa darasa zima: karatasi yenye pambizo ya inchi 1 kila upande, nafasi mbili kati ya mistari, juu kushoto jina lako, la mwalimu, la somo na tarehe, kichwa katikati bila kukolezwa wala kupigiwa mstari, na juu kulia jina lako la ukoo na namba ya ukurasa. Jalada halihitajiki. Kazi hiyo niliichapa mimi, kwa herufi za ukubwa wa 12, na sasa nimeihifadhi kama mfano kwa wengine. Kwa watoto wa kidato cha nne hilo halina haraka, wao wanaandika kwa mkono kwenye chumba cha mtihani. Wanachohitaji ni mwandiko unaosomeka na namba ya swali iliyoandikwa mahali pake.

Nirudi kwenye ile safari. Mwezi wa tatu Madam aliwapa insha ya kueleza safari, swali lile lile lililomwangusha. Safari hii aliandika habari ya Kigongo na Busisi, ila alianza na daraja lililochukua nafasi ya kivuko: lina kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, ni refu sana. Madam akalirudisha daftari na mstari mmoja wa peni nyekundu: "Haya yapo kwenye gazeti. Wewe uliona nini?" Akaandika upya. Likarudi tena. Mara ya tatu aliandika kwamba zamani foleni ya kivuko ilikuwa ndefu na mama alikuwa akimnunulia mahindi ya kuchoma kwa mwanamke yule yule kila mara, mpaka wakajuana majina. Sasa basi linapita juu ya maji dakika chache tu, halisimami, na yeye hugeuka kutazama kule gatini kama yule mwanamke bado yupo. Kiingereza chake kilikuwa na makosa tisa, nimeyahesabu kwa sababu yote yamezungushiwa. Madam alimpa 14 kati ya 20. Insha hiyo nimeitoa kopi, ya asili nimemwachia mwenyewe.

Kwenye moko ya mkoa, ule mtihani wa majaribio, amepata 51, ndiyo ile C.

Sasa kasoro, na zipo. Darasa limejaa kupita kiasi. Jumamosi iliyopita nimehesabu watoto 34 kwenye benchi za watu ishirini na kidogo, wengine wameandika wakiwa wamesimama na daftari limeegemea bati. Kuanzia saa tisa jua linaingia moja kwa moja upande wa ziwa, na wa benchi za kushoto hawauoni ubao. Mwandiko wa Madam ni mdogo. Nilimwambia kwa heshima, akakubali, na wiki moja akaandika maandishi makubwa, kisha akarudia yale madogo.

Kubwa zaidi ni usahihishaji. Anasahihisha kila daftari mwenyewe, neno kwa neno, na hiyo ndiyo nguvu ya tuisheni hii, lakini watoto wakiwa wengi hivyo daftari linaweza kukaa kwake siku kumi au zaidi. Mtoto anaporudishiwa ameshasahau alichokuwa anafikiria. Ningependa apunguze watoto au amtafute mwalimu wa pili, hata kama ada itapanda. Mimi ningelipa 40,000 bila kunung'unika kama daftari lingerudi ndani ya wiki.

Na kuongea hakuna. Watoto wanabishana kwa Kiswahili, wanaandika kwa Kiingereza, na katikati hapo pana shimo. Mdogo wangu sasa anaandika aya nzuri, lakini mgeni akiingia dukani na kuuliza kwa Kiingereza, ananiangalia mimi. Nilimuuliza Madam, akasema muda wa saa mbili hautoshi kwa yote na ameamua kuokoa maandishi kwanza kwa sababu mtihani ni wa maandishi. Namwelewa. Bado naona hasara yake.

Pia ukija katikati ya mwaka utapata shida. Wale walioanza Januari wana lugha yao tayari, mambo ya "mlango umefungwa" na "kwa hiyo iko wapi", na mgeni anakaa wiki mbili tatu akiwa hajui wanacheka nini. Kwa mtoto wa kidato cha nne anayetafuta mtu wa kumpa majibu ya Novemba, hapa si mahali pake, atachoka. Kwa wa kidato cha pili na cha tatu ningesema msisubiri. Na mzazi anayetaka notsi zilizochapwa aelewe kwamba Madam hatoi karatasi hata moja. Nilimwambia ningeweza kumtolea kopi bure, akanishukuru na kukataa, akasema wanachoandika kwa mkono wao ndicho kinachobaki.

Vitabu ni vichache. Nakala tatu za tamthiliya kwa darasa zima, wanasoma kwa zamu, mmoja anasoma kwa sauti wengine wanafuata kwa kusikiliza. Kama una nakala ya mtoto aliyemaliza shule imelala kabatini, ipeleke. Mimi nilipeleka mbili nilizozipata kwa mteja, na zikapokelewa kama zawadi ya harusi.

Jinsi ya kufika: daladala zote za Nyegezi na Buhongwa kwenda mjini zinapita Mkuyuni. Shuka kituoni, uliza nyumba ya mwalimu wa Kiingereza, hata watoto wa shule ya msingi watakuelekeza. Wapya anawapokea Jumamosi kabla ya saa nane, akiwa bado hajaanza. Usimtume mtoto peke yake, nenda naye. Na mchukue karatasi moja aliyoiandika mtoto mwenyewe, hata iwe mbaya kiasi gani, kwa sababu ataiomba kabla hajawauliza jina, na somo la kwanza la mtoto wako litatoka kwenye hiyo karatasi.